Cherehani Ilivyopanda Feri

Siku Melchior alipofika Ulaya, mama yake alifunga genge lake la mkaa mchana kutwa, akanunua kreti ya Fanta, akatuita majirani tukae chini ya turubai lake tumwangalie mtoto wake.

Tulimwangalia ndani ya simu. Ilikuwa simu ya Kichina yenye laini mbili, ambayo Melchior mwenyewe alimtumia mama yake kwa mkono wa dereva, na Mama Melchior aliishika kwa ncha za vidole kama mtu aliyepewa yai la moto. Ndani yake Melchior alikuwa amesimama juu ya feri. Miwani ya jua machoni, kofia ya kapteni kichwani, mkono mmoja umeegemea sanduku la magurudumu. Nyuma yake bahari ya buluu, buluu iliyopita kiasi, na nyuma ya bahari kisiwa: nyumba nyeupe zimepandana mlimani kama vipande vya sukari, na chini mchangani miavuli ya kila rangi na Wazungu wadogo wadogo wamelala wanajianika.

"Ameandika yeye mwenyewe," alisema Mama Melchior. "Ametoka inchi kavu, iko anavuka bahari ya Mediterane, anaenda ku kisiwa. Kule njo bazungu banaendaka kupumuzika. Mutoto wangu iko anaenda kupumuzika!"

"Kwani alichoka na nini?" nikauliza.

Sikuwa na nia mbaya. Bibi yangu kule Bukavu alikuwa akisema mdomo wangu ulizaliwa kabla yangu, na tangu hapo unanitangulia kila mahali, hata kwenye mipaka ya nchi, ambako umenichelewesha zaidi ya mara moja.

"Mama Olga, kunywa Fanta," akanijibu.

Nikanywa. Mimi jina langu ni Douce, lakini hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, mwanamke huitwa kwa mtoto wake wa kwanza, basi mimi ni Mama Olga, na mume wangu Evariste, ambaye ni mchoraji, ni Papa Olga anapokuwa na adabu. Tuna studio ya picha karibu na soko la kambi. Yeye anachora, mimi nabonyeza kamera. Yeye anasema kazi kubwa ni ya kuchora. Wateja wananilipa mimi.

Simu ikaanza kuzunguka. Ikaenda kwa shemasi, ikaenda kwa wazee, ikaenda kwa kina mama wa kwaya. Kila aliyeishika aliongeza neno lake.

"Ona bendera inavyopepea!"

"Hii haiko ile mitumbwi ya Libya ya kuzama na bantu. Hii njo bato ya vakansi, meli ya kupumuzikia."

"Melchior amenenepa, vreman."

Mtu mmoja tu hakupewa simu. Gloriose, mke wa Melchior, alikuwa amesimama kwenye nguzo ya turubai, utepe wa kupimia shingoni, anafungua chupa. Melchior alimwacha muda mrefu uliopita akisema anaenda kutafuta maisha kupitia Msumbiji, na tangu hapo hakumpigia simu hata siku moja. Salamu zilipita kwa mama yake. Gloriose alizipokea kama anavyopokea vitambaa vya wateja: anavikunja, anaviweka kando, anaendelea na kazi.

Chupa zilipoisha, Mama Melchior akajikohoza.

"Kumebaki kakitu kamoja," akasema. "Kule kisiwani kuko patron moja anataka kumupa Melchior kazi ya hoteli. Mais anaomba garanti, pesa ya kumuhakikisha. Bila garanti, atarudishwa ku inchi kavu. Alors, Melchior anasema tuuzishe mashini. Nimeshapata mutu wa Dowa, atakuja Jumamosi. Na yule dereva aliyeleta simu atapeleka pesa."

Vichwa vyote vikamgeukia Gloriose. Kila mtu Dzaleka aliijua cherehani ile. Marehemu Nibigira, baba yake Gloriose, aliondoka nayo Burundi usiku wa vita. Meza na miguu ya chuma aliviacha, akang'oa kichwa peke yake, akakitia ndani ya gunia la maharage, akakibeba begani nchi baada ya nchi huku watu wakimwambia, mzee, tupa hilo jiwe ubebe chakula. Hakutupa. Alipofika hapa fundi wa kulehemu akamtengenezea miguu mipya kwa mabomba ya baiskeli, na juu ya miguu hiyo ya kabaza, baiskeli za kubebea abiria, Gloriose alishona sare za shule za nusu ya kambi. Baba alipokufa, hakuacha kitu kingine.

"Mashini gani?" aliuliza Gloriose.

"Kwetu kuko mashini ngapi?"

"Kwenu hakuna mashini, Mama. Ile iko ya baba yangu."

"Baba yako amelala, Mungu amupumuzishe. Bwana yako anaishi, tena iko anasimama juu ya maji! We unataka aanguke?"

Wazee wakatikisa vichwa. Shemasi akasema mke ni ubavu. Gloriose akakusanya chupa, moja moja, akazirudisha kwenye kreti. Na hapo ndipo simu iliponifikia mimi.

Nikaangalia Melchior. Nikaangalia bahari. Halafu nikaangalia feri yenyewe, juu, kwenye sakafu ya pili, ambako abiria mmoja anapunga mkono: mwanamke mnene, kilemba cha manjano, kimefungwa kwa fundo la kando, lile la kina mama wa Kadutu, kwetu Bukavu, wanapoenda harusini.

Huyo mwanamke alikuwa mimi.

Ngoja niwaeleze, msije mkadhani Fanta ilikuwa imechacha.

Hapa kambini hakuna anayepigwa picha na kile kilicho nyuma yake kweli. Nyuma yetu kuna ukuta wa matofali ya udongo, au foleni ya maji, au mbuzi wa mtu. Picha ni kitu cha kutumwa, na kitu cha kutumwa lazima kivae vizuri. Ndiyo maana studio yetu ina mapazia yaliyochorwa: moja ni bustani ya mawaridi, lingine ni ngazi zenye zulia jekundu, na lingine ni ule mnara wa Paris. Shangazi yangu wa Bukavu aliwahi kuniuliza kama sichoki kuupanda. Nilimwambia magoti yanauma kidogo.

Sasa, mwaka mmoja baada ya Melchior kuondoka, Evariste alipata kibarua cha kupaka rangi ofisi ya mambo ya safari kule City Centre, Lilongwe. Walipomaliza wakampa kalenda ya zamani badala ya kuitupa. Kwenye ukurasa wa mwezi wa saba kulikuwa na feri inayotoka bara kwenda kisiwa cha starehe, katika bahari hiyo ya Mediterane. Evariste hakulala vizuri wiki nzima. Akanunua vipande vitatu vya amerikani, akampelekea Gloriose aviunge viwe pazia moja, kisha akachora.

Alichora vizuri, siwezi kumnyima. Lakini Evariste akichora huwa anapiga soga, na akipiga soga mkono wake unakwenda unakotaka. Moshi wa feri aliupeleka kushoto. Bendera akaipeperusha kulia.

"Papa Olga," nikamwambia, "upepo moja hauwezi kuenda huku na huku."

"Ku bahari yangu," akajibu, "upepo unafanya kile mi nimeuambia."

Kisha akanichora na mimi juu ya feri ili ninyamaze.

Tukalitundika. Tulidhani watu watapanga foleni. Wapi! Walikuja, wakaangalia, wakaguna. Mama mmoja aliyevuka ziwa Tanganyika na watoto wanne akafika na wawili alisimama mbele yake muda mrefu, akasema, "Maji ilikula batoto bangu, na we unanipa kiti juu yake nicheke?" Kesho yake Evariste alilitungua akaliviringisha, na baada ya wiki chache akaliuza kwa mwenye studio mmoja wa Chilinde, Lilongwe, mahali ambapo watu hawajawahi kukimbilia kwenye maji.

Kwa hiyo mnaona. Feri ambayo kambi ilimkatalia Evariste, kambi hiyohiyo sasa ilikuwa inaipigia makofi kwa sababu Melchior amepanda. Na bahari ya Mediterane ilikuwa inaning'inia kwa misumari Chilinde, safari ya minibasi moja kutoka tulipokuwa tumekaa tunakunywa Fanta.

Mara yangu ya kwanza kunyamaza ilikuwa siku ile ya Fanta. Ningesema pale mbele ya shemasi na kwaya, ningemvua nguo mama mzima kwenye sherehe yake. Mimi ni mtani, si mchawi. Nikamwomba Mama Melchior anitumie kwenye simu yangu namba ya Melchior na ile picha, "nipate ya kukumbuka". Akafurahi. Nikaenda nayo mpaka kwa Evariste.

Evariste aliangalia. Uso wake ukaiva kwa hasira.

"Yee! Mama Olga, ona! Bamelikunja!"

"Nini?"

"Pazia! Niliwaambia waliviringishe, bamelikunja kama shuka! Ona mustari unapita katikati ya kisiwa! Ile nyumba ya pale nilichora na brosi ya nywele tatu!"

"Papa Olga, yule mwenye kusimama mbele ni nani?"

Akaangalia tena. "Melchior," akasema. Akakaa. "Mais... Melchior iko Ulaya."

"Njo hivyo. Na Ulaya yote umeichora we."

Jioni ileile nikaenda kwa Gloriose. Alikuwa anapiga pindo la sketi ya mtu, mguu unakanyaga. Nikamwekea simu juu ya meza ya cherehani. Nilidhani atamtafuta mumewe. Hakumtafuta. Kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye bahari, kikapanda na mstari mwembamba uliokuwa unapita kwenye maji kutoka juu hadi chini.

"Huyu mushono ni wangu," akasema.

"Ee."

"Nilishona mara mbili juu ya vile Papa Olga alisema pazia litavutwa." Akaondoa kidole. "Chilinde?"

"Chilinde."

Nilijiandaa kwa machozi. Nilikuwa nimekuja hata na kitambaa. Gloriose akakata uzi kwa meno, akakunja ile sketi.

"Baba alivuka Tanganyika kweli," akasema. "Na hii chuma ku bega. Mutumbwi ilikuwa inaingiza maji, benye mutumbwi banamwambia tupa, yeye anasema mukitupa hii munitupe na mimi. Na huyu," akagonga kioo cha simu kwa kucha, "huyu anavuka amerikani niliyoshona mimi, halafu anataka garanti." Akasimama. "Mama Olga, kesho uko na kazi?"

Kazi nilikuwa nayo. Nikasema sina.

Asubuhi ya Ijumaa nikamkuta mlangoni na gunia begani. Gunia la maharage. Miguu ya cherehani ilikuwa imebaki ndani imesimama peke yake kama mbuzi aliyekatwa kichwa.

"Gloriose, unaenda kuificha?"

"Oya, hapana. Naipeleka. Si balisema Melchior anaihitaji?"

Wanaojua Dzaleka wanajua kwamba mtu wa kambi hatoki hivihivi kama upepo. Kutoka kuna ruhusa, na ruhusa ina mlango wake, na mlango una siku zake za kufungwa. Sisi, bila kuusubiri, tulipanda kabaza mbili mpaka barabara kubwa, mimi moja, Gloriose na gunia lake nyingine, na yule kijana wa baiskeli alilia njia nzima kwamba huyu dada anabeba maiti. Kwenye kizuizi cha barabara askari aliingiza kichwa dirishani mwa minibasi.

"Mukupita kuti, amayi?" Mnaenda wapi?

"Ku Ulaya," akasema Gloriose.

Askari akamwangalia, akaangalia gunia, akaangalia minibasi yenyewe ambayo mlango wake ulifungwa kwa kamba.

"Ulaya, na hii?" Akacheka mpaka akashika mkanda wa suruali. Akatupungia mkono tupite. "Mkafike salama!"

Tulishuka Old Town, penye maduka ya jumla ya Wahindi, tukavuka kwa miguu. Gunia tulipokezana. Ninawaambia, nilipolibeba mimi nilielewa kwa nini watu walimwambia marehemu Nibigira alitupe.

Studio ya Chilinde ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati la kijani, kando ya soko. Mwenyewe, kaka mmoja mpole mwenye fulana ya timu, akatukaribisha kwa Kichewa, nami nikamjibu kwa Kichewa changu cha sokoni, ambacho kinatosha kununua nyanya na kugombana. Na pale ukutani, nyuma ya kiti, ilikuwa imetandaa. Bahari. Kisiwa. Miavuli. Moshi kushoto, bendera kulia. Na mimi juu, napunga mkono. Mstari wa kukunjwa ulipita kweli katikati ya kisiwa, Evariste angelia. Kwenye msumari ilitundikwa kofia ya kapteni, na chini lilisimama sanduku la magurudumu, gurudumu moja halipo.

Nikamwonyesha picha ya Melchior. Akacheka. Huyo? Huyo ni rafiki yake, Mrundi, anamletea wateja. Anauza chaja na kava za simu, meza yake si ile pale?

Tukageuka. Ng'ambo ya njia, chini ya mwavuli mmoja uliochanika, alikuwa ameketi Melchior. Hakuwa amenenepa. Mbele yake kulikuwa na ubao uliojaa kava za simu, na juu ya magoti sahani ya nsima, ugali wa huku, na usipa, samaki wadogo wakavu, na alikuwa anakula haraka haraka, kama watu wanaokula mahali ambapo mteja anaweza kufika.

Sikuweza kumcheka. Kukwama si dhambi. Kukwama ndiyo kazi tunayoijua wote kuliko zote. Mtu anaondoka na ahadi kubwa, barabara inamtema kwenye kona ya kwanza, na kurudi mikono mitupu kunamtisha kuliko simba. Hayo nayaelewa. Angelala Chilinde miaka kumi akituma salamu tu, ningemfunika. Lakini kutuma watu wang'oe kichwa cha cherehani ya marehemu? Hapo nikakunja mikono ya blauzi.

"Twende tumushike," nikasema.

"Acha," akasema Gloriose. "Nataka foto."

Akaweka gunia chini, akavuta meza ndogo ya maua, akaondoa maua. Akaitoa cherehani, akaifuta vumbi kwa khanga yake, akaiweka mezani mbele ya feri. Akaketi nyuma yake. Mwenye studio akaleta miwani ya jua, akaikataa. Akaleta kofia ya kapteni. Hiyo akaipokea, akaivaa, akairekebisha pembeni kidogo. Utepe wa kupimia ukabaki shingoni. Akatoa mfukoni kipande cha amerikani, akakiweka chini ya sindano, na mkono wake wa kulia akauweka kwenye gurudumu la cherehani kama nahodha aliyeshika usukani.

"Usitabasamu sana," nikamwambia. "Bantu ba kule banakuwaga na sura ya kuchoka na raha."

"Mama Olga, piga."

Nilipiga kwa simu yangu. Katika kazi yangu yote sijapiga picha nzuri kuliko ile. Kisiwa nyuma, bahari ya buluu iliyopita kiasi, cherehani nyeusi inang'aa katikati ya sakafu ya feri, na Gloriose anaangalia kamera kama mtu aliyelipa nauli yake na hadaiwi na yeyote. Juu ya kichwa chake mimi nampungia mkono.

Akaichukua simu, akaiandika namba ya Melchior, ile tuliyoipata kwa mama yake, na chini ya picha akaandika maneno machache: *Mashini imefika. Uje uipokee.*

Akatuma. Tukasimama mlangoni.

Ng'ambo ya njia simu ikalia. Melchior akajifuta vidole kwenye suruali, akaitoa. Akaangalia. Akaisogeza karibu na macho. Akaigeuza. Halafu kichwa kikapanda polepole, kikapita meza yake, kikapita barabara, kikafika kwenye mlango wa bati la kijani, ambako mke wake alikuwa amesimama na kofia ya kapteni kichwani.

Sahani ya nsima ilianguka. Mbwa mmoja wa Chilinde anaikumbuka siku ile kama Krismasi.

Alivuka njia bila kuangalia magari.

"Gloriose? We... we unafanya nini huku?"

"Huku wapi?" akauliza Gloriose.

"Huku."

"Huku wapi, Melchior? Sema jina ya hapa."

Akafungua mdomo. Akaniangalia mimi, nikamwinulia nyusi. Akaangalia ndani ya studio, kwenye ile bahari, kama mtu anayetafuta boya. Neno lilikuwa moja tu, silabi tatu, kila mtoto wa mtaa ule analijua. Hakuweza. Kwa sababu akisema Chilinde, feri inazama na yeye yuko juu.

"Nilikuwa... nilitaka kwanza kupata kitu, halafu niwaambie," akasema mwishowe. Sauti ilikuwa ndogo. "Ningerudi namna gani na mikono mitupu? Mama anaambia bantu bote..."

"Mama anaambia bantu kile we unamwambia."

"Nilitafuta kapitali kadogo tu, Gloriose. Ka duka. Ningekuita, walahi."

"Ungeniita kutoka kisiwani?"

Gloriose akavua ile kofia, akamvisha yeye, taratibu, kama mtu anayemvisha mtoto wa shule.

"Baki nayo, kapteni," akasema. "Mi bato yangu inarudi leo."

Akaingia ndani, akaifunga cherehani guniani, akalitwika begani peke yake. Nilitaka kusaidia, akakataa. Melchior alishika pembe ya gunia, sijui kwa kusaidia au kwa kuzuia; yeye mwenyewe nadhani hakujua.

"Toa mukono," akasema Gloriose bila kupandisha sauti. "Hata Tanganyika haikuichukua hii."

Akatoa.

Mwenye studio hakuelewa Kiswahili chetu, lakini alielewa. Alikataa kabisa nilipouliza malipo ya kofia na meza. "Zikomo, amayi," akasema, akitushukuru kana kwamba sisi ndio tuliomfanyia hisani.

Tulipofika Dzaleka jua lilikuwa bado lipo. Mimi, kwa mdomo wangu, nilikuwa nimeshamtumia Mama Melchior ile picha tukiwa njiani. Tulimkuta ameketi juu ya gunia la mkaa, simu mapajani, kioo kimezimika.

"Mumekata na kubandika," akasema kabla hatujamsalimu. "Siku hizi kompyuta inafanya yote."

"Mama," akasema Gloriose, akatua mzigo, "washa. Ona hapa, mushono. Ni wangu. Na huyu mwenye kilemba cha manjano, umuangalie vizuri, halafu umuangalie Mama Olga."

Mama Melchior aliwasha. Akaangalia kioo, akaniangalia. Akaangalia kioo. Nikampungia mkono, sawasawa na kule juu.

"Mana yanje, Mungu wangu," akasema.

Nilisubiri tusi. Nilikuwa nimeandaa jibu lake tangu Old Town. Lakini alimgeukia Gloriose.

"Umemuona na macho yako?"

"Nimemuona, Mama."

"Alikuwa anakula nini?"

"Nsima na usipa."

Akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameibana tangu mtoto wake alipoondoka. "Anakula," akasema. "Mi usiku kila wakati ninamuona chini ya maji. Ile foto nilifurahi kwa vile alikuwa juu ya maji." Kisha macho yakabadilika, yakawa macho ya mwanamke anayeuza mkaa na asiyedanganywa kipimo. "Chilinde! Na mi nimenunulia bantu Fanta!"

Hapo nikacheka, samahani, sikuweza tena. Gloriose naye akacheka, na mwisho wake Mama Melchior mwenyewe, huku akinipiga kwa ncha ya kitenge.

Jumamosi yule mtu wa Dowa akaja na kabaza ya kubebea mzigo. Cherehani ilikuwa imesharudi juu ya miguu yake, na Gloriose alikuwa anakanyaga. Hakuinua hata kichwa. Mtu wa Dowa akakohoa. Kelele za cherehani zikaendelea. Akamgeukia Mama Melchior, ambaye ndiye aliyemwita.

"Rudi kwako, baba," akasema Mama Melchior. "Hii mashini haiuzishwe. Imetoka safari, imechoka."

Shemasi alipita akasema tena ile habari ya ubavu. Mama Melchior akamwuliza kama ubavu nao huombwa garanti. Shemasi akakumbuka ana mkutano.

Wiki iliyofuata Mama Melchior alikwenda Ulaya. Aliondoka asubuhi, na kapu la mihogo na viatu vya kanisani, akachukua minibasi. Kabla hajapanda alipita dirishani kwa Gloriose.

"Uko na neno la kumupelekea?"

Gloriose alikuwa anaweka uzi kwenye sindano. Alimaliza kwanza. Mambo ya sindano hayasubiri.

"Mwambie nimemsalimia," akasema. "Mwambie akitaka kurudi, arudi. Mulango haufungwe, mais mashini haitoki. Na aje na miguu. Kutoka kule mpaka hapa hakuna maji hata tone."